Mbele, Kushoto

Niliinunua Luthuli, ghorofa ya pili, kwa Musembi,
elfu kumi na nne, chaja juu,
mashine iliyostaafu kutoka ofisi ya bima:
stika ya namba bado imeganda tumboni,
herufi A imefutika kabisa
kwa vidole vya mtu aliyeandika "hapana" miaka mingi.
Madam, hii ni chuma, akasema Musembi.
Hakusema chuma ni bubu.

Mfumo wa kulipia ulinidai kila nikiwasha
kama wakala wa nyumba tarehe tano.
Nikaufuta.
Nikapakia mfumo huria kutoka flashi ya Kwamboka,
binamu yangu, anayesema vya bure
hulipwa kwa usingizi.

Skrini ikaja. Kibodi ikaja.
Waifai ikaja siku ya tatu, ikichechemea,
baada ya kuifukuzia faili yake kwa bando la simu,
simu yenyewe imefungwa kwa waya
kama mbuzi wa Jumamosi.
Sauti haikuja.

Na mimi kazi yangu ni masikio.
Nasikiliza kanda za mikutano ya watu, naandika walichosema,
kikohozi, kicheko, kimya cha sekunde nne.
Nalipwa kwa dakika.

Nilimwambia Mama Ayuma wa duka: nimekosa draiva.
Akacheka. Wa kukupeleka wapi?
Nikamweleza ni kiumbe mdogo, haonekani,
husimama kati ya kiini cha mfumo na kile chuma,
huyu ana lugha yake, na yule yake,
bila yeye hawasalimiani.
Akanifungia mkate. Basi sema mkalimani, akasema,
na hujalipa maziwa ya jana.

Saa nane usiku. Umoja imetulia.
Tokeni zimebaki uniti tatu nukta mbili.
Natafuta mstari mmoja
wa kutia kwenye faili lenye jina refu kama la dawa.
Mahali fulani kuna mtu, simjui,
aliyekuwa na mashine bubu kama hii,
akakesha, akaipata namba,
akaiacha wazi,
kama anayezuia geti kwa mguu
ingawa hajaona nani yuko nyuma.

Nikanakili. Nikazima. Nikawasha.
Wapi.
Nikatazama tena: nimeandika o, ilikuwa sifuri.
Nusu saa ya maisha yangu, shimo dogo la duara.
Nikarekebisha, nikapandisha sauti hadi mwisho,
nani humnong'onezea bubu?
Nikabofya: Jaribu.

MBELE, KUSHOTO!
Mwanamke, ghafla, safi kama karani wa benki,
akajaa jikoni, akajaa bafu, akapenya ukuta.
MBELE, KULIA!
Mbwa wa geti akabweka. Mtoto wa nyumba ya pili akaanza.
Kisha mlango: ngo, ngo, ngo.
Gichohi, keateka, tochi mkononi, rungu kwapani.
Nani amepotea humu ndani, akauliza,
hadi aelekezwe njia usiku huu?

Nilitaka kueleza yote, kiini, chuma, sifuri.
Nikasema tu: samahani, imeongea.
Nikaipunguza, nikamgeuzia skrini.
Akavua kofia, akaingia hatua moja.
Mbele, kushoto. Mbele, kulia.
Akageuza kichwa huku, akageuza kule,
kama anayevuka Outering.
Hiyo ya kulia, akasema, ina mkwaruzo.

Ni kweli, ina mkwaruzo.
Maikrofoni nayo bado,
na ikilala haiamki mpaka uichomoe betri.
Kwamboka anasema hiyo ni kazi ya Jumapili nyingine.

Gichohi alipokwenda nilivaa vipokea sauti,
nikafungua kanda ya kwanza.
Kiti kinasogezwa. Kikombe.
Halafu mtu, karibu kabisa na sikio langu la kushoto,
kabla ya neno lolote.
Nikaandika:
anavuta pumzi.