Hesabu ya Vichwa

Kazi yangu ni vichwa.
Wanane wakishuka, wanane wapande.
Crisanto anawasha injini, mimi nahesabu
kwa Kisebuano, kimoyomoyo;
kwa lugha ya wageni namba huniteleza kama sabuni.

Leo ni maharusi wawili kutoka Busan
wasioachana mikono hata ndani ya maji,
kinyozi wa Manila aliyelipa kwa noti za ishirini-ishirini,
baba na mabinti zake watatu,
na Bi Kinuyo, miaka sabini na minne,
mwenye mapezi yake mwenyewe, ya kizamani, yaliyotiwa kiraka.

Kabla ya yote nawafundisha kunena kwa vidole.
Duara: niko salama.
Ngumi: hewa inaniishia.
Kiganja bapa kinachoyumba, hivi,
kuna kitu hakiko sawa.
Mabinti wanayumbisha viganja hadi wanacheka.

Asubuhi tulielea tu, nyuso chini, migongo ikiungua.
Binti mdogo akapiga ukelele ndani ya bomba
likalia baragumu.
Chini yetu pono hawakuwa na ule usingizi wanaosingiziwa;
walitafuna mwamba, kra, kra,
kama mtu alaye barafu katikati ya misa.
Mchanga huu mweupe mnaoulalia, niliwaambia baadaye,
wali wa kifuko cha majani ukiwa bado mdomoni mwao,
ni choo cha pono.
Kinyozi hakucheka. Alikuwa amemwona kasa
na bado alikuwa huko.

Bi Kinuyo akafungua mfuko wa plastiki.
Picha: mumewe, mwaka tisini na moja,
juu ya meza ya matumbawe pana kama kitanda cha harusi.
Alifariki Februari.
"Hapa," akasema. "Nipeleke hapa."

Napajua hapo.
Mwaka ule bahari ilipokuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa
meza ile ilipauka, ikawa nyeupe pe,
nzuri, Mungu anisamehe, nzuri kabisa,
wageni wakaisifu na kuipiga picha.
Desemba kimbunga kikaja kuchukua mifupa.

Ningesema. Nilisema, "Twende."
Njia ya mwongo ni fupi:
dakika kumi na moja kwa mashua,
mita tisa kwenda chini.

Mkunga alikuwa mlangoni pake, mdomo wazi,
kama anayetaka kunisuta.
Nikampita. Nikaonyesha meza nyingine,
changa, zambarau ukingoni,
visamaki vya buluu vikiingia na kutoka
kana kwamba yenyewe ndiyo inavivuta.
Bi Kinuyo akaishika picha kando yake.
Akatazama huku. Akatazama kule.
Mapovu yake yalipanda moja moja,
ya mtu asiyedaiwa na saa.
Kisha akanigeukia, kiganja bapa,
kikayumba.

Nikadhani sikio. Nikadhani mtungi,
nikashika kipimo chake: bado nusu.
Hapana. Kidole kikaenda kwenye picha,
kona ya kushoto, pale meza ilipokuwa na pengo
kama mkate ulioumwa.
Kikaenda kwenye meza yangu. Nzima.
Haijaumwa na chochote.

Chini ya maji huwezi kuomba radhi.
Hakuna kidole cha hilo.

Alinitazama kupitia vioo viwili, chake na changu,
akafanya duara,
akabaki pale mpaka kipimo kikatufukuza.

Juu, akiwa amejifunga taulo la Crisanto,
aliuliza meza ile ina umri gani.
"Kumi na miwili. Labda."
"Mtoto," akasema, akalamba chumvi kidoleni.

Injini ikakohoa. Nikaanza kuhesabu.
Akaiona midomo yangu ikicheza.
"Tuko wangapi?"
"Wanane," nikasema. "Tumetimia."
Bi Kinuyo akatazama maji,
akainua kiganja, bapa,
akakiyumbisha.