Kumbukumbu ya Karani

Mahakamani Weteni, chupa imesimamishwa,
ina matope ya pwani, na nembo haijaoshwa;
wakili wa kiwandani akanena, kafundishwa:
"Tuliuza maji ndani, chupa haikuhusishwa."

Kainuka Mize Faki, magotini ana tope:
"Hakimu, nataka haki, kampuni nayo ilipe;
chaza hawaokoteki kwa vifuniko vyeupe.
Ila mi si mnafiki, langu nami nisikwepe.

"Harusi ya binti yangu, katoni ni thalathini,
zikanywewa na wenzangu, zikatupwa mtaroni.
Hii hasa ndiyo yangu, hina ingali shingoni."
Hakimu, kwa macho yangu, yake kaificha chini.

Hilo sikuliandika.