Siku ya Pili, Tandahimba

Jana Chilumba kapakia magunia mia na kumi,
korosho za mnada wa kwanza.
Leo kachuchumaa chooni, kuinuka hawezi:
paja limegoma kama mlango wa mninga wakati wa masika.

Mle ndani nyuzi zimechanika.
Chembe nyeupe zimeacha lindo,
zimekimbilia pajani,
zinazoa vifusi, zinashona,
na jiko lao ndilo joto hili.

Puani kabaki nani?
Mafua yamepita bila hodi.

"Kesho lori la pili," anasema, anapiga chafya.
"Nyuzi zikishonwa hukomaa. Jumamosi sitaumwa."

Somoe anamkanda kwa maji ya moto,
hajibu.
Ndala za mumewe kazificha
ndani ya pipa la makopa.