Karatasi ya Mia Mbili na Sita

Saa nane usiku, Ng'ong'ona.
Upepo wa Julai unakwaruza dirisha,
vumbi limeshatangulia kulala
juu ya rundo la mitihani:
mia nne na kumi na mbili,
nami niko ya mia mbili na sita.

Mwanafunzi kaandika:
"Udongo huchoka
ukilimwa kila msimu bila kupumzishwa."
Nimempa mbili kwa mbili.
Kisha nikaisoma tena,
si kama msahihishaji.

Kwenye droo, data za Mvumi,
misimu mitatu ya mtama na uwele,
na sauti ya Mama Mbeho
aliyenikaribisha ugali na mlenda, akauliza,
"Majibu utatuletea lini, mwalimu?"
Nilisema Desemba.
Sikutaja ya mwaka gani.

Idara inadai machapisho mawili kabla ya Septemba.
Jarida limerudisha makala:
punguza maneno, ongeza sampuli.
Niongeze nini?
Kilichobaki hakijazwi kwenye dodoso.

Jana, mbele ya watu mia tatu,
nilisahau neno "mmomonyoko".
Kalamu zote zilingoja hewani.
Nikakohoa, nikasingizia vumbi.
Waliniamini;
Dodoma, vumbi lina ushahidi.

Sasa bomba linaguna jikoni:
zamu yetu ya maji.
Naacha kalamu nyekundu wazi, ikauke ikitaka,
nakinga ndoo,
nasimama pekupeku sakafuni
nikiisikiliza inavyopanda sauti.

Tangu Jumatatu,
ni hii tu niliyoiona ikijaa.