Dakika Kumi na Moja

Krrr. Kimya.
Saa nane na robo usiku, nje kidogo ya Adam.
Koki zote nimezifunga kwa mkono wangu,
na pampu chini ya kitanda inakohoa
kama mgeni anayetaka aambiwe karibu.

"Iache," asema Humeidi, uso ukutani.
"Gari la kuogopa ni lile lisilotoa sauti."
Kisha akalala, kama walalavyo
watu ambao hawakulijaza tangi.

Mimi ndiye niliyelijaza. Lita themanini,
msikitini Manah, kwa ruhusa ya mwadhini,
maji yenye chumvi kidogo, yale
yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika.
Kesho tunashuka Haima,
na kati ya hapa na Haima ni changarawe,
changarawe, na vituo vya mafuta vya kuhesabika.

Nikawasha simu, nikapima.
Krrr. Dakika kumi na moja.
Krrr.

Babu Msellemu alikuwa na zamu yake kwenye falaji,
athari mbili kila siku ya nane.
Nusu saa ya maji ndiyo waliyoiita athari.
Mimi, niliyelelewa kwa Kiswahili cha mama wa Wete,
nilidhani wanazungumzia madhara.
Usiku alizipima kwa nyota:
ikitokeza ile juu ya ukuta wa jirani, fungua;
ikiifuata mwenzake, ziba, kwa tambara na jiwe.
Aliyechelewa kuziba aliitwa mwizi
hata kama alisinzia tu.

Basi humu kuna anayesinzia.

Nilianza na chujio.
Mchanga, na uzi wa kumbi la mtende.
Nikalisuuza, nikalirudisha.
Krrr. Kumi na moja.
Nikafunga njia ya kwenda kwenye hita, nikangoja
magoti yakifa ganzi.
Krrr. Kumi na moja.
Hita nilikuwa nimeisingizia.

Nikachana karatasi ya chooni,
kila kiungo nikakivisha kipande
kama kidole cha mtoto kilichokatwa.
Cha sinki: kikavu.
Cha bomba la kuogea nje: kikavu.
Nyuma ya kabati la nguo,
pale mkono unapopita na jicho halipiti,
karatasi ikarudi na doa
dogo kuliko kucha,
baridi.

Tone moja. Halikuwahi kufika sakafuni;
joto lilikuwa linalinywa njiani.
Ndiyo maana wiki nzima napapasa zulia
na zulia linanijibu: mimi sijui kitu.

Nikazima pampu. Nikafungua koki, presha itoke
(mwaka jana sikulijua hilo,
na Humeidi alioga na suruali yake).
Klipu, ambayo muuzaji wa Nizwa aliiapia
kwamba haishiki kutu, imeshika kutu.
Washa imekakamaa kama ndimu kavu ya mchuzi.
Klipu ya akiba ninayo, kwenye kopo la halua.
Washa sina.

Nikatazama huku na huku.
Mkasi wa kucha. Tochi mdomoni.
Duara moja dogo, na tundu katikati,
halikukaa sawa mara ya kwanza; nikakata la pili.
Nikakaza, si sana. Plastiki ina kiburi,
ukiishurutisha inapasuka.

Nikawasha. Krrr ndefu, ya kushiba. Ikanyamaza.
Kumi na moja.
Kumi na mbili. Sikuamini.
Ishirini. Dirishani nyota ikapanda juu ya nguzo ya umeme,
sijui jina lake, Babu angelijua.
Athari nzima ikapita bila kuibwa.

Kimya ndicho kilichomwamsha Humeidi.
"Imekufa?"
"Inalala. Amka unywe."
Akafungua koki, krrr, kikombe kikajaa,
akafunga, nayo ikafunga.
Akanywa, akasema maji yana chumvi,
akageukia ukuta tena.

Sikumwambia kitu.
Alfajiri, akishuka kutawadha,
atatafuta ndara yake ya kushoto
na ataikuta ina macho mawili kisiginoni.