Miguu Miwili Chini

Jumapili, saa kumi na nusu, uwanja wa saruji nyuma ya shule, Malindi.
Jua limekaa juu ya kikapu cha magharibi
kama mtazamaji asiyelipa kiingilio.
Kuna ufa ulioanzia mstari wa mtupo huru
ukapotelea chini ya meza ya waandika pointi:
wageni hujikwaa, wenyeji huuruka bila kuutazama.

Nina filimbi. Nina fulana ya kijivu iliyopauka makwapani,
na kitabu cha sheria nilichochapishiwa kwa wino wa mwisho wa mwezi,
hata kifungu cha thelathini na tatu nakisoma kwa kukisia.

Chasema kila mchezaji ana mnara wake wa hewa,
kutoka nyayo zake hadi juu kusiko na dari.
Chasema mlinzi akishaweka miguu miwili chini,
uso kwa uso na mwenye mpira,
kabla mwenzake hajaruka,
pale pamekuwa pake.
Hakisemi nifanyeje na jasho lililoniingia machoni.

Na kugusana si kosa. Sijui nilieleze mara ngapi.
Mkono ukiparuza mkono, mpira ukaendelea na safari yake,
filimbi naimumunya kama kokwa ya buyu.
Nikipuliza kila mguso, tutalala hapa.
Nisipopuliza kabisa, kuna atakayelala hospitali.

Zimebaki sekunde nne.
Maweni arobaini na moja, Shella arobaini.
Ruweida anakuja, bega la kulia limetangulia,
ushungi umekazwa kwa pini mbili.
Mbodze katokea pembeni, kajisimika.
Mmoja angani, mmoja ardhini,
kishindo,
wote chali,
mpira umeingia,
na filimbi imelia, nikaisikia kama ya mtu mwingine.

"Kasogea!" "Kasimama!"
Mwamba ngoma huvutia kwake, na leo ngoma ni kisigino cha msichana.
Kocha Tsuma kavua kofia, kaikanyaga, kaiokota, kaivaa.
Mimi ngumi mbele: kosa la mshambuliaji.
Kikapu hakihesabiwi, mpira ulikuwa ungali mkononi.
Ruweida hakubisha.
Alinitazama tu, akifunga upya kamba ya kiatu isiyofunguka.

Sasa nikiri jambo ambalo mezani halina safu ya kuandikwa.
Jumatatu hadi Ijumaa mimi hushika kamba ya mpima ardhi.
Mwezi uliopita, njia ya Ganda, tulipima shamba la Hawe Dzendere.
Miaka arobaini amesimama pale, miguu miwili chini,
mikorosho yake imeshazaa mikorosho.
Akaja kijana mwenye hati na miwani,
na waliokuwa na filimbi wakampulizia mama.
Nikaipigilia bikoni mwenyewe. Nyundo ilikuwa nzito, sikusema neno.

Basi niambie: leo nilipuliza kwa kuuona mguu wa Mbodze,
au kwa sababu kulikuwa na mtu aliyetangulia kusimama
na safari hii filimbi ilikuwa kwangu?

Lali, mwamuzi mwenzangu, kaniuliza tukikunja wavu, "Uliona nini?"
Nikasema, "Kisigino."
"Kimefika?"
"Kimefika."
Akatia wavu kwenye gunia, asiongeze kitu.

Watu walipoondoka nilirudi palepale, nikachutama.
Alama mbili nyeusi za mpira wa kiatu.
Wa kulia umekaa sawasawa, mviringo kama muhuri.
Wa kushoto una mkia,
nusu kidole, labda.
Umeburutwa kabla ya kishindo, au baada?

Nilipima kwa shubiri, kazi ni tabia.
Nikapima tena.
Halafu mlinzi wa shule akatikisa funguo getini,
na Jumamosi kuna mechi ya wavulana.