Kiganja Kisichopakwa

Keko, asubuhi, umeme umekatika tena.
Msumeno mkubwa umenyamaza, meno nje,
kama mbwa aliyekemewa na mwenyewe.
Sasa ni zamu ya mikono, ndiyo zamu yangu:
msasa namba themanini, kisha mia na ishirini,
kisha ule laini, uliochoka, ninaoukunja mfukoni
na kuutunza kama noti ya elfu kumi.

Mimi si fundi. Kwenye daftari la Mkude
nimeandikwa: Somoe, msasa na rangi.
Malipo kwa kitanda, si kwa siku.
Lakini miaka tisa vidole vimesoma.
Nifunge kitambaa machoni, unipe ubao:
mvule una mafuta, haukubali gundi upesi;
mkongo una nyuzi mbishi, ukiuendea kinyume
unakurudishia kibanzi chini ya ukucha.
Mninga haubishani.
Unausugua, nao unatoa vumbi la hudhurungi
ambalo likilowa jasho shingoni linageuka jekundu.
Mwaka wa kwanza mama aliniuliza,
nani amekupiga?

Na paina. Paina ni mtoto wa shule,
mweupe, mwepesi, macho kila mahali.
Ilishuka juzi na lori la Mafinga,
bado inadondosha utomvu.
Sina ugomvi nayo. Paina ni mbao njema,
ikiitwa paina.

Jumanne alikuja Bi Sikudhani wa Mtoni,
muuza vitumbua, amelipa kwa simu, mafungu saba.
"Nataka mninga," akasema. "Godoro nitabadilisha,
kitanda sibadilishi tena. Hiki ndicho cha kufia."
Akacheka. Mkude naye akacheka, akaapa,
akagonga ule ubao wa mlangoni,
mninga kweli, uliopo tangu sijaajiriwa,
hauuzwi, kazi yake ni kugongwa tu.
Ukaitika: ngo.

Jioni akanikabidhi kopo.
Rangi yenyewe inaitwa mninga,
imeandikwa hivyo, kwa herufi za dhahabu.
"Ichore na mishipa," akasema. "Wewe una mkono."
Na kweli ninao.
Kwa brashi kavu na kitana kilichovunjika
mti wa miaka kumi na miwili naupa
masika mia moja na viangazi vyake
kabla ya adhana ya alasiri.
Kizuri chajiuza, wanasema.
Wasichosema ni kwamba kibaya kina mimi.

Sikumwambia. Nina kodi, nina mtoto wa darasa la nne,
na Mkude ana deni la mbao hadi kooni;
mninga siku hizi unauzwa kama mahari.
Najua. Lakini chini ya chaga ya tatu, upande wa ukutani,
nimeacha mahali, upana wa kiganja changu,
bila rangi, bila vanishi, bila mshipa wa uongo.
Pale paina ni paina, jicho moja limekodoa.
Siku sarafu itakapobiringika uvunguni
atainama na tochi ya simu,
atanitukana hadi koo likauke.
Ana haki. Nitakuwa nimemwambia,
kwa kuchelewa, kwa woga,
lakini nimemwambia.

Saa tano umeme ukarudi, msumeno ukabweka.
Akaja Ndaki, kijana wa kuku kutoka Mbagala,
na viroba vyake vya kuzolea maranda.
Akachota konzi, akanusa, akaniangalia.
"Dada, mbona meupe matupu? Yale mekundu yako wapi?"
Mlangoni Bi Sikudhani alikuwa anapanguza miguu,
kaja kukikagua kitanda chake.
Mkude akakohoa.
Nikakunja msasa wangu, nikaurudisha mfukoni.
"Mwezi mzima," nikasema,
kwa sauti iliyonishangaza mimi mwenyewe,
"hatujaranda mninga hapa."

Msumeno ulikuwa unapiga kelele.
Sijui nani alisikia.
Randa ya Mkude tu niliiona
imesimama katikati ya ubao.